Kopo la Nne

"Nani anaweka majivu? Mimi? Soma tena! Soma kwa sauti nisikie, maana labda haya macho yangu yameshaanza kunidanganya!"

"Si umeshasoma, mama mdogo."

"Nimesoma. Sasa nataka usome wewe uliyeandika."

Sikusoma. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, begi mgongoni, mguu mmoja una kiatu, mwingine bado una ndala. Yeye amesimama kati yangu na mlango. Karatasi ameishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu anayemtoa nje panya aliyekufa.

"'Matokeo ya kopo la nne si sahihi,'" akasoma mwenyewe, kwa ile sauti yake ya kusomea imla, "'kwa sababu mwalimu husika huweka majivu humo.' Mwalimu husika! Umekuja hapa na begi halina zipu, nimekupa chumba, nimekuombea kwa Mwalimu Mkuu ujitolee darasa la tano usikae barabarani unahesabu pikipiki, leo mimi ni mwalimu husika!"

"Sikutaka kuandika jina lako."

"Ungeandika! Generoza! Lina herufi nane tu, lingekushinda?"

"Mama mdogo, saa nne hii. Irine anaondoka Nyakahura saa nane. Nipe karatasi yangu."

"Karatasi haitoki humu ndani."

Ndipo tulipokuwa tumefika. Na mimi siwezi kukaa sehemu moja nikigombezwa, nikaanza kutembea, kutoka kwenye kochi mpaka kwenye kabati, kabati mpaka kochi. Sebule yenyewe hatua nne.

Kwetu ni Mugoma, kule Ngara. Kidato cha nne nilimaliza mwaka juzi, matokeo ndiyo yale ya kuambiwa pole. Mama akaona nazunguka tu nyumbani, kila basi likipita nasimama mlangoni, akanituma huku Runazi kwa mdogo wake ambaye ni mwalimu wa sayansi. Runazi kuna mahindi, mihogo, maharage, maduka machache, na mimi. Miezi saba. Nafundisha darasa la tano kwa kujitolea, na jioni nahesabu pikipiki barabarani hivyo hivyo, hilo mama mdogo hakulizuia.

Halafu akaja Irine.

Irine ni wa mradi. Zamani kidogo, kabla sijaja, huo mradi uliwapa walimu semina ya siku tatu: fundisheni sayansi kwa kutumia wadudu na wanyama waharibifu walioko kwenu. Fukusi wanaotoboa maharage, viwavi wa kwenye mahindi, panya wa stoo. Walimu wakapewa kitabu cha kijani, soda na cheti. Mradi ukaisha. Na wewe unajua mradi ukiisha huku kwetu: bomba linakauka, kibao kinabaki. Lakini hili somo la wadudu halikuisha. Mama mdogo anaendelea nalo, na walimu wengine wachache wanaendelea nalo, mwaka wa nne sasa, hakuna anayewalazimisha. Mradi wenyewe ukashangaa. Ndiyo wakamtuma Irine arudi aulize: kwa nini?

Akagawa fomu kwa walimu. Mimi akanipa daftari. Kazi yangu wiki nane: makopo manne ya plastiki, yale ya mafuta ya kupikia, meupe, huoni ndani. Kila kopo vikombe vitatu vya maharage waliyoleta watoto kutoka kwao, na fukusi kumi wazima. Kopo la kwanza tumechanganya majivu. La pili pilipili kavu ya kusaga. La tatu mafuta kidogo. La nne halina kitu, ndilo la kulinganishia. Kila Ijumaa unafungua, unamwaga kwenye ungo, unahesabu wadudu, unaandika.

"Ukinifanyia vizuri, Danstan," Irine aliniambia, "nakuchukua. Nahitaji watu wa kuhesabu, tutazunguka Ngara na Biharamulo miezi mitatu, kila shule. Una pikipiki?"

"Sina, ila naweza kuendesha."

"Tutakupa."

Miezi mitatu juu ya pikipiki, kila siku kijiji kingine! Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka daftari na fomu Nyakahura, na mama mdogo amesimama mlangoni.

"Niambie uliniona lini naweka majivu," akasema.

"Sijakuona. Lakini jana Irine amepiga simu, anataka picha ya makopo. Nikafungua la nne ili nipige picha fukusi wakiwa wamejaa. Nikakuta maharage mazima, yana majivu, fukusi hakuna hata mmoja! Ufunguo wa stoo unao nani?"

"Mimi."

"Basi!"

"Basi nini? Ufunguo ninao mimi, kwa hiyo na majivu ni mimi? Hiyo ndiyo sayansi yako?"

"Wewe ndiye mwenye huruma na chakula! Hata ukoko wa ugali hutupi. Ukiona maharage yanaliwa na wadudu, wewe, Generoza wa Mugoma, utavumilia wiki nane?"

Hapo akaishusha ile karatasi. Nikaona nimegusa. Nikaongeza, na hapa ndipo ninapokoseaga siku zote, najua nimeshafika halafu naongeza.

"Na kule kwenye fomu yako umeandika uongo vilevile. 'Kwa nini unaendelea kufundisha somo hili?' Umejibu nini? 'Humwezesha mwanafunzi kujenga umahiri.' Nani anaongea hivyo? Ukiwa jikoni unaongea hivyo?"

"Ulitaka niandike nini?"

"Ukweli."

"Ukweli!" Akaangalia juu kwenye mabati kama anamwita shahidi. "Haya, ukweli ni huu. Mwaka wa kwanza nilikwenda semina kwa sababu ya cheti. Umefurahi? Cheti, na kutoka nje ya Runazi siku tatu. Nilitaka kutoka, kama wewe. Nikarudi nikafundisha kwa sababu Mwalimu Mkuu Evaristi alisema wakaguzi watakuja. Mwaka wa pili nikafundisha kwa sababu sumaku nimeiomba ofisini mpaka leo haijafika, lakini fukusi haagizwi Mwanza. Ukimfukuza anarudi. Nimefundisha miaka kumi na tisa, Danstan. Nimewafundisha watoto volkano. Umewahi kuona volkano? Hata mimi. Nachora, nafuta. Nachora, nafuta."

"Kwa hiyo ni kwa sababu ni rahisi."

"Sijamaliza! Mwaka ule wa pili akaja Mzee Xavery, yule mwenye shamba kule bondeni. Kikao cha wazazi hajawahi kukanyaga. Akasimama nje ya darasa, kofia mkononi, akaniuliza: 'Mwalimu, mjukuu wangu anasema majivu yanatakiwa yachekechwe kwanza. Debe moja la maharage, majivu kiasi gani?' Miaka yote hiyo nafundisha, ndiyo mara ya kwanza mtu mzima ananiuliza kitu anachokwenda kukifanya jioni hiyo hiyo. Nikashindwa kumjibu! Nikamwambia rudi Jumatatu. Nikaenda kupima." Akavuta pumzi. "Sasa hilo nitaliandika kwenye mstari upi? Wameacha mistari miwili."

Nikavua ndala, nikavaa kiatu cha pili.

"Hata kama," nikasema. "Majivu kwenye kopo la nne ni majivu. Kama si wewe, ni nani? Malaika?"

"Hodi!"

Tuliruka wote. Alikuwa Happy, wa darasa la tano, mfupi, amevaa sweta la shule juu ya kanga, mkononi ana kikopo cha maziwa ya unga kimefunikwa na gazeti.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mwalimu Danstan."

"Marahaba," mama mdogo akasema, na sauti ikashuka mara moja kama mtu aliyezima redio. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

"Nimefuata ufunguo wa stoo, mwalimu. Kufagia."

"Jumamosi?"

"Jumatatu zamu yangu, lakini Jumatatu nitachelewa, tunakwenda kuvuna kwa bibi. Nimeona nimalize leo."

Mama mdogo akanyoosha mkono kwenye msumari ambako ufunguo unaning'inia, halafu mkono ukasimama hewani. Akaangalia kile kikopo.

"Hicho ni nini?"

"Majivu."

Mkono wa mama mdogo ukashuka bila ufunguo.

"Majivu ya nini, Happy?"

"Ya mabua ya maharage. Nimeyachekecha."

"Nimekuuliza ya kufanyia nini?"

"Ya kopo la nne, mwalimu." Alitujibu kama anatusaidia, kama sisi ndio tumechelewa kuelewa. "Kijiko kimoja. Wa zamu ndiye anayeleta."

Mama mdogo akakaa chini kwenye kochi.

"Tangu lini?"

"Tangu tulivyoanza. Wiki ile ya kwanza aliweka Ferdinand, halafu Benedicta, halafu..."

"Kwa nini?"

Sasa ikawa zamu ya Happy kushangaa. Akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Yatabunguliwa, mwalimu."

"Si ndiyo tunataka yabunguliwe?" nikasema mimi, na nilijisikia sauti imepanda. "Ndiyo maana ya kopo la nne! Tunataka yaliwe, tuone!"

"Tunataka kuona nini?"

"Tuone kwamba bila majivu yanaliwa!"

"Hilo tunalijua, mwalimu Danstan. Kwetu yaliliwa gunia zima." Akahamisha kikopo mkono wa pili. "Na mwalimu Generoza alishatufundisha dawa yake. Sasa tunaijua dawa, halafu tunayaangalia yanaliwa? Haya maharage nimeleta mimi, ni ya mbegu ya mama. Mama akiuliza yako wapi nimwambie nini?"

Nilimgeukia mama mdogo nikidhani atamkaripia. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na mabega yanatikisika. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka.

"Miaka minne," akasema, "mradi umekuja umeondoka, umerudi na fomu, unaniuliza kama watoto wameelewa!"

"Lakini wameharibu jaribio!"

"Wameliharibu kabisa." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. Halafu kicheko kikaisha polepole, nikaona anafikiri. Mimi mtu mzima akianza kufikiri huku ananiangalia huwa napenda kuondoka.

"Danstan."

"Nachelewa."

"Lete daftari."

"Liko chini kabisa, nimeshapanga."

"Lete."

Nikalitoa. Lilikuwa juu kabisa. Akalifungua magotini, akapitisha kidole kwenye safu ya kopo la nne, akasoma kwa sauti ileile ya imla, lakini taratibu.

"Wiki ya kwanza, kumi. Ya pili, kumi na nne. Ya tatu, ishirini na mbili. Ya nne, thelathini na moja. Ya tano, arobaini na saba. Ya sita, sitini. Ya saba, sabini na nane." Akainua macho. "Kopo limewekwa majivu kila wiki. Jana umelikuta halina fukusi hata mmoja. Hawa sabini na nane umewatoa wapi?"

"Labda walikufa juzi."

"Na maiti zao?"

Nikaanza tena kutembea. Kochi, kabati.

"Mwalimu Danstan hafungui makopo," Happy akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema leo kuna upepo. "Anakaa pale kwenye kizingiti cha stoo, anaangalia barabara, anaandika. Sisi tulijua anajua kwa kichwa."

Basi. Ndiyo hivyo. Mara mbili za kwanza nilifungua, lakini la kwanza, la pili na la tatu tu, sifuri, sifuri, sifuri. La nne nikaona kuna haja gani, kila mtu anajua litakuwa na nini, na mle stoo mna joto, mnanuka magunia, na kutoka kizingitini unaona pikipiki zikishuka zile za Nyakahura. Kitabu cha kijani kina mfano wa namba za viwavi zinavyopanda. Nikapandisha za kwangu hivyo hivyo, nikabadilisha kidogo zisifanane. Jana nilipofungua kwa ajili ya picha nikakuta mambo yale, sikuwaza nani kaweka majivu. Niliwaza sabini na nane. Nikachukua kalamu nikaandika mwalimu husika. Dakika moja tu.

"Hata kama watoto wasingegusa," mama mdogo akasema, "hesabu yako isingekuwa hivi. Fukusi hawapandi ngazi kila Ijumaa. Wakubwa wanataga, wanakufa. Wiki ya tatu unaona wachache kabisa, mpaka unadhani wameisha, kumbe watoto wako ndani ya punje. Wiki ya tano, ya sita, ndiyo wanatoboa, wanatoka kwa mkupuo. Ningeona safu hii siku moja tu ningejua." Akafunga daftari. "Na Irine ataona. Amewasomea hawa wadudu chuo kikuu. Ataangalia mara moja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kazi ya kuhesabu, mwanangu, unaomba kwa daftari hili?"

Aliposema mwanangu ndipo nikaumia. Zile kelele zake za mwalimu husika hazikuniuma hivyo.

Akanyanyuka, akaja karibu, akashusha sauti ingawa Happy yuko palepale.

"Sikiliza. Usiende leo. Mimi nitampigia Irine. Nitasema panya wameingia stoo wamemwaga makopo yote. Anajua panya wa huku, ataamini. Muhula ujao tunaanza upya, unahesabu vizuri wiki nane, tunampelekea daftari safi. Hakuna atakayejua."

Nikamwangalia. Huyu aliyekuwa anapiga kelele nusu saa nzima kwa sababu nimemwandika mwongo.

"Na wewe utadanganya?"

"Kwa ajili yako, ndiyo." Hata hakupepesa. "Dada yangu hakukuleta hapa uaibike."

Nataka niseme nilikataa kwa sababu mimi ni mtu wa kweli. Sivyo. Niliziona wiki nane. Nilikiona kile kizingiti, na barabara, na mimi nimekaa, Ijumaa moja, Ijumaa nyingine, mpaka mvua za masika. Nikajua nikikaa nitaandika tena namba za kichwani, Ijumaa ya tatu tu, najijua.

"Nipe kalamu," nikasema.

"Ya nini?"

"Nipe."

Irine alitufundisha kitu kimoja siku ile ya kwanza: ukikosea usifute. Piga mstari mmoja, namba ya zamani ionekane, andika pembeni, weka sahihi. Nikapiga magoti mbele ya meza ndogo. Kumi, mstari. Kumi na nne, mstari. Ishirini na mbili. Mpaka sabini na nane, pamoja na zile sifuri za makopo mengine kuanzia wiki ya tatu. Pembeni nikaandika: sikuhesabu. Sikuhesabu. Sikuhesabu. Mara saba, na sahihi saba, na sahihi yangu ni ndefu, niliitengeneza nikiwa kidato cha pili nikidhani nitakuwa mtu wa kusaini. Wiki ya nane nikaandika: sifuri, nimefungua mwenyewe.

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia anahema.

"Hatakuchukua," akasema.

"Labda."

"Si labda, Danstan. Nani anampa pikipiki mtu wa hivi?"

"Bora anikatae akiwa ananiona." Nikavuta ile karatasi kutoka mkononi mwake, hakuizuia tena, nikapiga mstari kwenye mwalimu husika. Juu yake nikaandika: wanafunzi wa darasa la tano, kwa zamu, kijiko kimoja. Nikafikiri kidogo nikaongeza: kwa sababu wameshajua yanasaidia. Nikaweka sahihi ya nane.

"Na ukirudi bila kazi?"

"Nitapitia Mugoma kwa mama. Au sitarudi. Sijui, mama mdogo, sijui, mimi nataka tu nitembee."

Akanitazama viatu. Kamba ya kulia ilikuwa wazi. Akainama akaifunga, yeye, mwalimu wa miaka kumi na tisa, mbele ya mwanafunzi. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini neno lilitoka likiwa limegeuka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nenda. Mwambie aje aone mwenyewe, asiniletee fomu."

Happy alikuwa bado amekishika kikopo chake kifuani. Alinipisha. Nilikuwa nimeshatoka, mkono uko kwenye kitasa, jua la saa tano usoni, nikamsikia anauliza:

"Mwalimu, sasa niweke au nisiweke?"

Nilisubiri kidogo kumsikia mama mdogo atasema nini. Barabarani pikipiki ikapiga honi. Nikafunga mlango.